Miti ya Kalenda: Safari ya Washington na Mama

Jumapili, 9 Februari 2025. Columbus, Ohio

Mama ameamka na hoja. Tangu aje mwezi Novemba hajaona mti wenye majani isipokuwa misonobari ya jirani, na leo, amesimama dirishani na kikombe cha chai, ameniuliza kama miti ya huku imekufa au inapumzika. Nikamwambia inapumzika.

"Basi nitaondoka haijaamka," akasema.

Tiketi yake ya kurudi ni tarehe 5 Aprili. Hapo ndipo nilipoikumbuka kalenda.

Sebuleni kwetu Machame, juu ya redio, ilining'inia kalenda ya wauza magari yaliyotumika wa Japani. Baba aliipata Moshi mjini, ingawa hatukuwa na gari wala dalili ya gari. Ukurasa wa Aprili ulikuwa na mto, na kandokando yake miti iliyojaa maua meupe yenye wekundu wa mbali, bila jani hata moja. Mwaka ulipokwisha kurasa nyingine tulifunikia madaftari, lakini Aprili mama aliukata kwa mkasi akaubandika ukutani, ukakaa pale mpaka rangi yote ikapauka ikawa ya buluu. Tukiitaja, tulisema "miti ya kalenda".

Nikamwambia miti ile ni micheri, na ipo Washington, saa sita na nusu kwa gari kutoka hapa.

"Si ni ya Wajapani ile?"

"Waliwapa Wamarekani."

Akanywa chai. "Twende tukaione, kama umeme haujakatika kwenye gari lako." Gari langu ni bovu kidogo, ndiyo, lakini si kwa kiwango hicho.

Jumamosi, 22 Februari

Nilidhani kupanga safari ya maua ni kama kupanga kwenda harusini: unaijua tarehe, unajiandaa. Kumbe hapa bibi harusi ndiye anayechagua siku, tena anaitangaza asubuhi ya siku hiyohiyo.

Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani inahesabu kilele cha kuchanua kuwa ni siku ambayo asilimia 70 ya maua ya micheri ya aina ya Yoshino, ile inayozunguka bwawa la Tidal Basin, yamefunguka. Mara nyingi huwa juma la mwisho la Machi au la kwanza la Aprili. Lakini mwaka 1990 kilele kilifika 15 Machi, na mwaka 1958 kikachelewa mpaka 18 Aprili. Mwaka jana kilikuwa 17 Machi. Kati ya tarehe hizo kuna zaidi ya mwezi mzima, na ukishafika umepewa siku chache tu. Mvua nzito au upepo mkali ukipita, umekuja kuangalia matawi.

Kazini kwangu, ghalani, ruhusa inaombwa wiki tatu kabla. Nimefanya wanavyofanya wasiojua: nimeshika vyumba viwili vya kulala wageni kwa majuma mawili tofauti, vyote vya aina inayofutika bila faini. Kimoja ni cha 20 Machi, kingine ni cha 27. Vyote viko nje ya jiji, upande wa Maryland, mwisho wa njia nyekundu ya treni, kwa sababu bei za katikati ya Washington majira haya zinamfanya mtu aone afadhali kalenda.

Ijumaa, 7 Machi

Utabiri wa Idara umetoka: kati ya 28 na 31 Machi. Nimefuta chumba cha kwanza, nikaomba ruhusa ya 27 mpaka 31. Msimamizi akaniuliza kuna nini. Nikasema maua. Akaniangalia kama mtu aliyesema anakwenda kumzika paka.

Usiku nimemwonyesha Mama picha za hatua za tumba, kwa sababu Idara hupiga picha na kuzitaja moja moja. Kwanza tumba la kijani. Kisha vichwa vya maua vinachungulia. Hapo kilele kiko kama siku 16 mpaka 21 mbele. Kisha vichwa vinatokeza nje. Kisha vikonyo vyake vinarefuka, na zimebaki siku 5 mpaka 10. Kisha matumba yanavimba na kuwa meupe, siku 4 mpaka 6. Halafu basi.

Mama alivaa miwani, akaishika simu mbali kama anavyoshika risiti za chama cha ushirika. Akasema kahawa nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe inasubiri maji. Matumba ya mbuni hukaa yamefumba kama punje za mchele, hata wiki nyingi, mpaka mvua ipige. Kisha siku nane au tisa baadaye shamba zima linafunguka asubuhi moja. "Hii inasubiri nini?"

Joto, nikamwambia. Inakaa kwenye baridi majira yote mpaka ishibe, kisha inahesabu siku za joto.

"Basi usiangalie tarehe. Angalia vikonyo."

Tangu leo ana kazi. Kuna kamera inayorusha picha za bwawa lile mtandaoni mchana kutwa, na kila nikitoka zamu ya usiku ananisubiri na taarifa.

Alhamisi, 27 Machi. Njiani

Tumeondoka saa mbili asubuhi. Kwenye kiti cha nyuma: chupa ya chai, maandazi, sufuria ya machalari iliyofungwa kwa khanga, na kigoda cha kukunja, kwa ajili ya goti la Mama. Nawashauri wenye wazazi: kigoda ni muhimu kuliko kamera.

Ohio mashariki hakuna la kusimulia. Tulivuka mto Ohio pale Wheeling, tukaingia milimani, na huko bado ni kipupwe kabisa. Miti mikavu kila upande, na Mama kimya. Baada ya Cumberland barabara inapita katikati ya mlima wa Sideling Hill, waliopasua mwamba wote ili njia ipite, na tabaka za mawe zimejipinda kama magodoro yaliyolundikwa. Hapo alisema neno moja: "Bangi." Nadhani alimaanisha wahandisi.

Tulipoanza kushuka kuelekea Frederick, ghafla miti meupe kando ya barabara! Mingi, mviringo, imejaa maua. Mama akanipiga begani, "Hiyo! Simama, hiyo hapo!" Nikaingia kituo cha mafuta. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye mti, akavuta tawi puani, na uso wake ukabadilika.

"Samaki."

Ni kweli. Ule ni mpeasi wa mapambo ulioletwa kutoka Asia, na maua yake yananuka kama dagaa walioachwa juani. Ulipandwa kila mtaa Marekani kwa sababu ya uzuri, kisha ukaanza kujiotesha wenyewe kila mahali. Ohio imepiga marufuku kuuuza tangu Januari 2023. Mama alirudi garini akifuta vidole kwenye khanga. Kilomita ishirini zilizofuata alizitumia kunieleza kwamba hata kwao mtu aliyepanda mikaratusi karibu na chemchemi naye alikuwa ameambiwa ni mizuri.

Tumefika saa kumi jioni. Kwenye kamera bwawa linaonekana jeupe.

Ijumaa, 28 Machi. Washington

Leo Idara imetangaza: kilele. Tumelipata tumba kwa siku yake, na sifa zote anajitwalia Mama.

Gari tumeliacha Shady Grove, treni ya njia nyekundu mpaka Metro Center, tukabadili, tukashuka Smithsonian. Kutoka hapo hakuna haja ya ramani, unafuata watu. Tulipita chini ya mnara wa George Washington, tukavuka barabara kwa kusukumwa, na mara bwawa likafunguka mbele yetu.

Nitasema nilichoona, kwa sababu nilishaona picha nyingi na bado sikuwa tayari. Mti ule hauna jani. Maua yanatoka kwenye ukuni mtupu, mengine hata kwenye shina kuukuu, kishada kimepachikwa kwenye gome jeusi kama mtu amekibandika. Na kwa sababu hakuna kijani cha kupumzisha jicho, unaona weupe tu, mti baada ya mti, bwawa zima, na weupe huohuo tena majini. Karibu, kila ua lina petali tano na uwaridi mdogo kooni. Ukirudi nyuma hatua kumi, uwaridi unapotea na unabaki ukungu.

Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu alinusa.

"Hayanuki."

Yananuka, kwa mbali sana, lakini nilielewa. Kahawa ikichanua Machame unaisikia harufu kabla hujauona mbuni, usiku hata mlango umefungwa. Alisimama pale anasubiri harufu kama unavyosubiri mtu aliyesema yuko njiani.

Swali la pili lilikuwa la matunda. Nikamwambia inazaa kidogo, vitunda vyeusi vyenye uchungu, vya ndege. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Miti maelfu, inapogolewa, inalindwa na walinzi wa serikali, ukichuma ua moja ni kosa, na haizai kitu.

Ila alipofika kwenye shina akabadilika, akawa bibi shamba. Tulikuwa tunatafuta miti miwili ya kwanza, ile iliyopandwa 27 Machi 1912 na Helen Taft, mke wa rais, pamoja na mke wa balozi wa Japani, Viscountess Chinda. Ipo upande wa kaskazini wa bwawa, karibu na mwisho wa barabara ya 17, na ina kibao. Imetimiza miaka 113 jana. Micheri ya aina hii mingi haivuki sana miaka hamsini, na hii imepinda, ina majipu ya ukuni, imejikunja kama wazee wanaosikilizana. Mama alifungua kigoda chake, akakaa mbele ya mmoja, akaliangalia shina lake la chini kwa makini yasiyo ya mtalii.

"Huu umebebeshwa," akasema.

Sikuwahi kuambiwa. Nilitoa simu nikasoma, na nikaona aibu kidogo, kwa sababu ndiyo habari yote. Yoshino haioteshwi kwa mbegu; mbegu haitatoa mti uleule. Inabebeshwa: kijiti kilichokatwa kwenye mti mmoja, nacho huitwa kikonyo, kinaunganishwa kwenye shina la mti mwingine. Kwa hiyo Yoshino zote ni mti mmoja uliorudiwa, na ndiyo maana zinafunguka siku moja, hazingojani.

"Kama chotara za TaCRI," Mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta ndugu ugenini. Wale wa utafiti wa kahawa Lyamungo nao wanazalisha miche kwa vikonyo na kwa kubebesha, na yeye ana miche yao mia mbili na kitu kihambani.

Basi nikamsomea yote, watu wakitupita. Kwamba mwandishi mmoja mwanamke, Eliza Scidmore, alianza kuwaomba wakubwa wa Washington wapande micheri mwaka 1885, wakamkatalia, naye akaendelea kuomba miaka ishirini na minne mpaka alipomwandikia mke wa rais. Kwamba jiji la Tokyo lilipeleka miti 2,000, ikafika Januari 1910, na wakaguzi wa kilimo wakaikuta imejaa wadudu na magonjwa. Tarehe 28 mwezi huohuo ikachomwa moto yote, kwa idhini ya Rais Taft.

Nilitegemea atasikitika. Akasema, "Walifanya vema. Chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ilivyoingia kwetu nani aliichoma? Tuliionea huruma mibuni, tukaja kulia wote."

Na Wajapani hawakununa. Meya wa Tokyo, Yukio Ozaki, aliamuru miti mingine. Vikonyo vikakatwa Desemba 1910 kwenye miti mashuhuri ya ukingo wa mto Arakawa, vikabebeshwa kwenye miche teule iliyooteshwa Itami, na mwaka 1912 ikafika miti 3,020, safi. Ule wa kalenda yetu nao ulikuwa kando ya mto. Sijui ni mto gani, na Mama hataki nimwambie kwamba sijui. Ameshaamua ni Arakawa.

Jumamosi, 29 Machi

Leo ni joto, na ni Jumamosi, na ni kilele. Anayejua hesabu atajua maana yake. Tuliondoka na gari kabla ya alfajiri tukaegesha East Potomac Park, ambako hatukulipa, tukatembea kurudi kwenye mnara wa Jefferson. Saa moja asubuhi jua lilipotoka watu walikuwa wa kuhesabika: wapiga picha, maharusi wawili wenye baridi, mzee mmoja na baiskeli. Kufikia saa nne palikuwa kama stendi ya Ubungo ya zamani mkesha wa Krismasi. Ukienda, nenda na giza. Ushauri mwingine wote unaweza kuusahau.

Kuzunguka bwawa lote ni kama kilomita tatu na nusu, lakini sisi hatukuweza, kulikuwa na uzio. Kuanzia mnara wa Jefferson kuelekea magharibi walikuwa wanajenga upya ukuta wa maji. Ukuta wa zamani ulikuwa umetitia, mahali pengine kama mita moja na nusu tangu ujengwe, na kila maji yalipojaa, mara mbili kwa siku, yalipanda njiani na kusimama kwenye mizizi.

Mama alitaka kujua maji yanaingiaje. Nikamweleza: si ziwa la Mungu lile, lilichimbwa. Mto Potomac unajaa na kupwa kwa sababu ya bahari. Maji yakijaa, milango ya upande wa mto inafunguka yanaingia bwawani. Yakipwa, milango hiyo inajifunga na ya upande wa pili inafunguka, yanatoka kwa nguvu na kusafisha matope kwenye mkono wa mto uliopo jirani.

"Mfongo," akasema, yaani mfereji wetu wa kumwagilia. Hakuna Mchaga aliyekulia kwenye zamu za maji asiyeijua kazi ya mlango. Alibaki ameegemea uzio akiangalia mitambo, mgongo ameipa micheri yote ya Washington, kwa dakika ishirini nzima. Nilimpiga picha hiyo. Ni bora kuliko zote.

Kwa ajili ya ukuta ule, mwaka jana walikata micheri karibu 140. Mmoja ulikuwa na jina, Stumpy, yaani kama kusema Kisiki: mdogo, shina limeoza katikati limebaki ganda, na tawi moja tu lililokuwa likichanua kila mwaka kwa ukaidi. Watu walikuwa wakija na zawadi kumuaga. Kabla ya kukatwa, vikonyo vyake vilipelekwa bustani ya taifa ya miti ili vizalishwe. Mpango ulikuwa ujenzi ukikamilika wapande miti 455, kati yake micheri 274.

"Basi hawakumkata, wamemhamisha."

Nikamwambia na hili la mwisho. Miti ile ya Arakawa, mama wa hii, ilikuja kudhoofika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1952 Wajapani wakaomba msaada, na vikonyo vikatoka hapa vikarudi Tokyo.

Mama akakaa kwenye kigoda. "Sema tena mwaka." Nikasema. "Kwa hiyo ile ya kalenda inaweza kuwa imetoka huku."

Inaweza.

Saa tano tulikimbia. Goti lilikuwa limevimba, tukashinda chumbani tukila machalari yaliyopashwa kwenye mashine ndogo inayonusisha jengo zima.

Jumapili, 30 Machi

Sikupanga kurudi bwawani, lakini baada ya ibada, tuliyoifuata kwenye simu kutoka usharika wa nyumbani, Mama alivaa viatu.

Leo ni Idi. Chini ya miti kulikuwa na kanzu nyeupe, magauni ya rangi zote, watoto wenye kofia za vito. Tukiwa tumekaa karibu na sanamu ya Martin Luther King nikasikia nyuma yangu, "We Abdul, teremka hapo juu ya mawe, utachafua kanzu!" Mama akageuka kabla yangu. Familia ya Unguja, wanaishi Virginia. Shikamoo, marahaba, Idi njema, na kabla sijajua Mama alikuwa ameshatoa dola tano za mkono wa Idi kwa Abdul na wadogo zake wawili kugawana, na sisi tumepewa vileja kwenye kopo la biskuti. Bibi yao aliuliza maoni ya Mama kuhusu maua.

"Ni mazuri. Hayanuki."

"Hata mie nimesema!" Bibi akapiga paja. "Kwetu karafuu inakuita toka barabarani."

Wakaelewana kwa nusu saa, nami nikatumwa maji.

Upepo ulianza saa tisa. Petali za kwanza zilikuwa zinaanza kudondoka, chache, zikielea kwenye maji pembeni mwa ukuta. Kesho zitakuwa nyingi.

Jumatatu, 31 Machi. Kurudi

Mlimani bado vijiti. Mama alilala mpaka Wheeling. Alipoamka akaomba simu, akampigia Mama Aika, jirani yetu Machame, ambako ilikuwa usiku, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie ninavyosifiwa. Sikusifiwa.

"Ndiyo, tumeiona. Ileile. … Hapana, haizai. … Haizai, nakwambia, ni ya kuangalia. … Sasa mie nitabebaje mche kwenye ndege, wanachoma hawa! … Ehe. Lakini nimeinama nikaangalia pale chini walipounga. Mwaka 1912, Mama Aika. Kovu lake limenyooka, huwezi kupitisha ukucha. Aliyebebesha ule mti alikuwa fundi."